Ufilipino: Mwaka wa Sikukuu, Mwaka wa Kazi

Nchini Ufilipino kila mji na kila mtaa una mtakatifu wake msimamizi, na kila mtakatifu ana siku yake. Barangay, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali, ziko zaidi ya 42,000, zimetawanyika katika nchi yenye visiwa 7,641, hivyo haipiti wiki bila watu wa sehemu fulani kufunga barabara, kupamba kanisa na kuchoma nguruwe mzima juu ya makaa. Sherehe hiyo huitwa fiesta. Siku ya fiesta milango huwa wazi: anayepita njiani huitwa aingie, apewe sahani, ale ashibe, hata kama mwenye nyumba hajawahi kumwona.

Desturi hii ilishika mizizi wakati wa utawala wa Hispania, ulioanza 1565. Mapadri wa Kihispania waliwakuta watu wakiishi kwa kutawanyika kando ya mito na mashamba. Ili kuwafundisha dini, na ili watozwe kodi, walitaka kuwakusanya katika miji iliyojengwa kuzunguka kanisa na uwanja wake, mahali ambapo kila mtu angesikia kengele. Wengi hawakutaka kuhama. Sikukuu ya msimamizi, pamoja na maandamano yake, muziki wake, michezo ya kuigiza na chakula, ilikuwa njia mojawapo ya kuwavuta. Hispania iliondoka 1898, Wamarekani wakatawala hadi 1946, lakini fiesta ilibaki. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 109, na karibu asilimia 79 kati yao walikuwa Wakatoliki. Waislamu, ambao wengi wao wanaishi Mindanao na visiwa vya kusini, walikuwa zaidi ya asilimia 6.

Uchumi wa nchi hiyo, hata hivyo, si ule wa zamani. Vijana ambao babu zao walilima mpunga na miwa sasa wanapokea simu za wateja wa Marekani usiku kucha, wanauza katika maduka makubwa, wanapeleka mizigo kwa pikipiki, au wako Riyadh, Dubai na Muscat wakituma fedha nyumbani. Ungetazamia kwamba kazi za namna hii zingeififisha kalenda ya watakatifu. Imekuwa kinyume. Biashara imeishikilia kalenda hiyo na kupanga juu yake mishahara, mauzo, ajira za muda na safari. Kilichobadilika ni swali la nani anasherehekea na nani yuko kazini akiwahudumia wanaosherehekea, na jibu lake limo zaidi katika sheria ya kazi kuliko kanisani.

Aina mbili za mapumziko

Sheria ya kazi ya Ufilipino humpa mwajiriwa aliyetimiza mwaka mmoja siku 5 tu za likizo yenye malipo. Waajiri wengi hutoa zaidi kwa hiari au kwa makubaliano na chama cha wafanyakazi, lakini mwenye duka dogo asiyetaka kuongeza anaweza kuishia hapo, na waajiri wenye wafanyakazi wasiofika kumi wamesamehewa hata hizo tano. Hicho ni kiwango kidogo mno. Ndiyo maana sikukuu za taifa zina uzito mkubwa: kwa wafanyakazi wengi wa kipato cha chini ndizo mapumziko yao ya kweli.

Sikukuu hizo ziko za aina mbili. Katika sikukuu za kawaida, kama Krismasi, Ijumaa Kuu, Mei Mosi au Siku ya Uhuru, Juni 12, mfanyakazi asiyekwenda kazini hulipwa ujira wake wa siku, na anayefanya kazi hulipwa mara mbili. Aina ya pili ni siku maalumu za mapumziko, kama Novemba 1 na Desemba 8. Hapo asiyefanya kazi hapati kitu, isipokuwa mwajiri awe na utaratibu mwingine, na anayefanya kazi huongezewa asilimia 30. Tofauti hii inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, siku maalumu ya mapumziko ni siku ambayo mfuko wake hauingizi chochote.

Kila mwaka Rais hutoa tangazo la sikukuu za mwaka unaofuata, na ofisi zote hulisubiri ili zipange zamu. Mwaka 2007, wakati wa Rais Gloria Macapagal Arroyo, ilipitishwa sheria ya kusogeza baadhi ya sikukuu hadi Jumatatu iliyo karibu, ili watu wapate mwisho wa wiki mrefu, wasafiri na kutumia fedha mikoani. Serikali zilizofuata zimeutumia mpango huo kwa viwango tofauti. Idi el Fitri imekuwa sikukuu ya taifa tangu 2002 na Idi el Haji tangu 2009. Kwa kuwa hizo hufuata mwezi, tarehe zake hutangazwa baadaye kwa ushauri wa Tume ya Taifa ya Waislamu. Siku ya fiesta ya mji mmoja haiwi sikukuu ya nchi nzima. Sheria au tangazo maalumu huifanya siku ya mapumziko katika mji huo peke yake.

Januari hadi Pasaka

Mwaka huanza kwa kishindo. Januari 9, katika mtaa wa Quiapo jijini Manila, hutembezwa sanamu nyeusi ya Yesu aliyebeba msalaba, ambayo kwa mujibu wa mapokeo ililetwa kutoka Meksiko mwaka 1606. Wanaume kwa wanawake huenda pekupeku, wakigombea kushika kamba za kuvutia gari la sanamu, na wengine huwarushia wasimamizi taulo ili zipanguswe kwenye sanamu na kurudishwa. Maandamano huchukua saa nyingi, mara nyingine hadi usiku wa manane au alfajiri. Katikati ya jiji biashara husimama, isipokuwa ile ya maji, taulo, mishumaa na chakula.

Jumapili ya tatu ya Januari ni ya Mtoto Yesu, ambaye Wafilipino humwita Santo Niño. Baharia Magellan alipofika Cebu na meli za Hispania mwaka 1521, sanamu ndogo ya Mtoto Yesu ilitolewa zawadi kwa mke wa mtawala Humabon alipobatizwa. Magellan aliuawa majuma machache baadaye katika kisiwa jirani cha Mactan, na Wahispania wakaondoka. Waliporudi 1565 waliikuta sanamu ile ndani ya nyumba iliyoungua, na mpaka leo imewekwa katika basilika ya Cebu inayoitwa kwa jina lake. Ngoma ya sinulog huchezwa kwa hatua mbili mbele na moja nyuma, huku watu wakiita "Pit Señor!" Ibada hiyo ni ya kale, lakini gwaride kubwa linalojaza barabara za Cebu lilianzishwa 1980. Siku hiyohiyo, katika mji wa Kalibo, wachezaji wa Ati-Atihan hujipaka masizi usoni kuwakumbuka Waati, wenyeji wa kwanza wa kisiwa cha Panay. Juma linalofuata ni zamu ya Iloilo na tamasha lake la Dinagyang.

Matamasha haya matatu yameonyesha njia ambayo miji mingine iliifuata. Sala zilibaki kanisani. Barabarani kuliwekwa mashindano ya ngoma yenye waamuzi, zawadi na udhamini. Kampuni za simu, bia na vinywaji baridi hutundika mabango, hoteli hujaa, na tiketi za ndege hupanda bei. Baguio, mji wa milimani ulioharibiwa na tetemeko la Julai 1990, ulianzisha Panagbenga katikati ya miaka ya 1990 kama tamasha la maua la kuwarudisha wageni. Februari magari yaliyofunikwa maua, mengi yakiwa yamegharimiwa na makampuni, hupita mjini, kisha Session Road, barabara kuu ya biashara, hufungwa kwa magari na kugeuzwa safu za vibanda kwa siku kadhaa. Wapo wanaolalamika kwamba matangazo yamemfunika mtakatifu, na kwa miji kama Cebu hoja yao ina ukweli. Ila Baguio haikuanza na mtakatifu. Ilianza na mji uliopoteza wageni, na haikosi heshima kwa hilo.

Kwaresima hupunguza kelele. Katika Juma Kuu Manila hubaki tupu. Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu ofisi hufungwa, maduka mengi makubwa hufungwa, na treni ya mjini ya MRT-3 husimamishwa ili ifanyiwe matengenezo yasiyowezekana siku nyingine. Vijijini familia hukaa zamu usiku na mchana zikiimba kisa chote cha mateso ya Yesu. Kisiwani Marinduque wanaume huvaa vinyago vya askari wa Kirumi juma zima, kutimiza nadhiri, na kuigiza habari za Longino, yule askari aliyemchoma Yesu mkuki na ambaye, kwa mapokeo, jicho lake bovu lilipona kwa tone la damu. Katika kijiji cha San Pedro Cutud, Pampanga, watu wachache hupigiliwa misumari msalabani Ijumaa Kuu, jambo ambalo Kanisa halikubaliani nalo.

Mei, mwezi wa mavuno

Mei ni mwezi wa Bikira Maria na wa wakulima. Wasichana hutembezwa jioni kwa magauni marefu chini ya matao ya maua, na mikoa ya mpunga humshukuru Mtakatifu Isidori Mkulima. Mji wa Lucban, chini ya mlima Banahaw, humwadhimisha Mei 15 kwa Pahiyas. Zamani wakulima walipeleka mazao kanisani yabarikiwe. Yalipozidi nafasi, yaliachwa nyumbani na padri akapita barabarani kuyabariki. Tangu hapo kila nyumba iliyo kwenye njia ya maandamano hupambwa kuanzia mlangoni hadi paani kwa masuke ya mpunga, mboga, nanasi, kofia za majani na soseji za nyumbani. Njia hubadilishwa mwaka hadi mwaka, ili kila mtaa upate zamu yake.

Pambo la pekee la Lucban ni kiping. Mchele hulowekwa, husagwa uwe uji mzito, hutiwa rangi nyekundu, njano, kijani au zambarau, kisha hupakwa kwa wembamba juu ya jani bichi. Jani hufukizwa kwa mvuke hadi uji ugande, huanikwa, halafu utando ule hubanduliwa taratibu. Kinachobaki ni jani la mchele lenye kila mshipa wa jani la kweli, jepesi kama karatasi. Mamia ya majani hayo hushonwa pamoja kuwa taa kubwa za kuning'inia dirishani. Sherehe ikiisha, kiping huweza kukaangwa na kuliwa. Wenye ujuzi huu huanza kazi majuma mengi kabla ya Mei, na ni kazi ya watu wazima wa nyumbani ambao wengine hawana ajira nyingine.

Gharama za fiesta si ndogo. Familia hulisha watu makumi, nyingine mamia. Zamani mzee wa sherehe, hermano mayor, alibeba sehemu kubwa ya mzigo. Siku hizi mzigo umegawanywa kati ya jamaa walio ng'ambo, halmashauri na wadhamini. Asiye na ndugu ng'ambo mara nyingi hukopa kwa wakopeshaji wa mitaani ambao masharti yao yanajulikana na kila mtu: chukua tano, lipa sita, tena kwa muda mfupi. Njia salama zaidi ni paluwagan, ambayo ni upatu unaochezwa na wafanyakazi wa ofisi au kiwanda kimoja. Upatu huo umehamia pia kwenye simu, na mamlaka ya soko la mitaji imelazimika kuonya mara kadhaa kuhusu matapeli wanaotumia jina la paluwagan mtandaoni kuahidi faida kubwa za haraka.

Kuanzia Juni mvua na vimbunga hupunguza sherehe. Juni 24, siku ya Yohane Mbatizaji, watu humwagiana maji barabarani. Agosti huko Davao, Mindanao, tamasha la Kadayawan hukutanisha jamii 11 za wenyeji, 5 za Walumad na 6 za Wamoro walio Waislamu, katika msimu wa durian na okidi. Septemba huko Naga, sanamu ya Mama wa Peñafrancia hurudishwa kanisani kwake kwa mashua juu ya mto.

Bacolod: kutoka miwa hadi simu

Hakuna mahali ambapo sikukuu na kazi zimefungamana waziwazi kama Bacolod, mji mkuu wa Negros Occidental. Kisiwa cha Negros kiliishi kwa sukari. Wafanyakazi wa mashamba makubwa ya miwa walilipwa wakati wa kukata na kusaga, kisha wakaingia miezi waliyoiita kwa Kihispania tiempo muerto, wakati mfu, ambapo hakukuwa na kazi na familia ziliishi kwa mikopo ya duka la shamba. Bei ya sukari duniani ilianguka miaka ya 1970 ikielekea kwisha, na viwanda vya vinywaji vya Marekani vilikuwa vikihamia kwenye sukari ya mahindi. Aprili 22, 1980, meli ya abiria Don Juan, iliyokuwa ikitoka Manila kwenda Bacolod, iligongana na meli ya mafuta na kuzama. Familia nyingi za Negros zilipata msiba.

Mwaka huohuo wasanii na viongozi wa mji waliamua kufanya tamasha la vinyago vinavyotabasamu, wakati wa maadhimisho ya mji mwezi Oktoba. Waliliita MassKara. Wengi hudhani ni tamasha la furaha tupu kwa sababu kila kinyago kinacheka na rangi zake zinawaka. Lilizaliwa katika mwaka wa majonzi, na watu wa Bacolod wanalifahamu hilo. Miaka iliyofuata haikuwa nafuu: katikati ya miaka ya 1980 njaa ya watoto wa Negros ilitangazwa duniani kote.

Leo sehemu kubwa ya ajira za vijana wa Bacolod iko katika vituo vya kupokea simu na kazi za ofisini zinazofanywa kwa niaba ya makampuni ya nje. Sekta hii ilianza kukua Manila na Cebu miaka ya 2000, ikaipita India katika huduma za simu karibu na 2010, na sasa inaajiri zaidi ya watu milioni 1.5 nchini. Mikoa iliyoishi kwa zao moja iliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu mshahara wake hauna miezi mifu. Lakini una bei yake. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa tatu au saa nne usiku ya Ufilipino, kutegemea majira. Sheria inataka kazi inayofanywa kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi iongezewe angalau asilimia 10, na vituo vingi hutoa zaidi ili kuvuta watu. Hata hivyo usiku ndio wakati wa fiesta. Muziki wa MassKara hupigwa barabarani huku maelfu ya vijana wa mji huohuo wakiwa na vipokea sauti masikioni, wakimsaidia mtu wa Ohio aliyesahau nywila.

Vituo hivi huishi kwa kalenda mbili. Wateja wakiwa Wamarekani, siku tulivu ni Julai 4 na Alhamisi ya nne ya Novemba, ambazo kwa Mfilipino ni siku kama nyingine, ilhali Alhamisi Kuu na siku ya Santo Niño simu zinaendelea kulia. Anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kawaida hulipwa mara mbili, na wengi wenye madeni au watoto shuleni huomba zamu hizo wenyewe. Mameneja hujaribu kuziba pengo kwa kuleta sherehe ndani: meza hupambwa kiping au vinyago, idara hushindana kucheza sinulog, chakula cha fiesta huletwa saa sita usiku. Ni wema, na wafanyakazi huufurahia. Haulingani na kukaa na mama mezani siku ya msimamizi wa kijiji.

Miezi minne ya Krismasi

Ufilipino huanza Krismasi Septemba 1. Kuanzia siku hiyo redio hupiga nyimbo za Noeli na maduka huwasha taa. Miezi ya Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba huhesabiwa kuwa msimu mmoja. Maduka makubwa huajiri vijana kwa mikataba ya muda mfupi. Hapa ndipo palipo kidonda cha muda mrefu cha kazi nchini humo. Mwajiriwa akizidisha miezi sita kwa kawaida huwa wa kudumu, basi baadhi ya waajiri humkatisha mwezi wa tano na kumchukua mwingine. Bunge lilipitisha muswada wa kubana mtindo huo, lakini Rais Rodrigo Duterte aliukataa Julai 2019.

Novemba 1 na 2 barabara hujaa watu wanaokwenda makaburini na mishumaa, maua na vyakula, na familia nyingine hulala hapohapo. Novemba 23 mji wa Angono hutembeza sanamu kubwa za karatasi kwa heshima ya Mtakatifu Klementi. Wakati huohuo watumishi wa serikali huwa wameanza kupata bonasi ya mwisho wa mwaka, inayotolewa kuanzia Novemba 15.

Kwa sekta binafsi jambo kubwa ni mshahara wa mwezi wa 13. Amri ya Rais namba 851 ya mwaka 1975 iliwalazimisha waajiri kuulipa kufikia Desemba 24, mwanzoni kwa waliopata peso 1,000 au chini yake kwa mwezi. Mwaka 1986 Rais Corazon Aquino aliondoa kikomo hicho. Hesabu yake ni rahisi: jumla ya mshahara wa msingi aliopata mtu mwaka huo hugawanywa kwa 12. Aliyeanza kazi Mei kwa peso 15,000 kwa mwezi na kufika Desemba amepata 120,000, basi anadai 10,000. Anayestahili ni mfanyakazi yeyote asiye meneja aliyefanya kazi angalau mwezi mmoja, hata kama ni wa mkataba mfupi au ameacha kazi katikati ya mwaka. Tangu sheria ya 2013 wafanyakazi wa nyumbani nao wanaudai. Katika nchi ambayo mfanyakazi wa ndani mara nyingi hutegemea huruma ya mwenye nyumba, hiyo ni hatua inayostahili kusifiwa.

Sehemu kubwa ya fedha hizo huingia madukani. Novemba 11 na Desemba 12, siku za punguzo za maduka ya mtandaoni ya Shopee na Lazada, vifurushi hujaa mitaani juu ya pikipiki. Waendeshaji wengi huhesabiwa kuwa wakandarasi huru, hivyo mwezi wa 13 huwapita. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kundi la waendeshaji waliokuwa wakipeleka mizigo ya Lazada walikuwa waajiriwa halisi, uamuzi unaotajwa kila suala hili linapojadiliwa. Malipo nayo yamehamia kwenye simu. GCash ilianza 2004, miaka mitatu kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Kenya, lakini ilichelewa kuenea hadi wakati wa janga la korona. Watoto wanaofika asubuhi ya Krismasi kwa baba na mama wa ubatizo kudai aguinaldo, zawadi yao ya fedha, sasa hupokea ujumbe wa simu badala ya noti mpya.

Maofisini Desemba ni mwezi wa monito-monita. Majina huandikwa kwenye vikaratasi, kila mtu huokota moja kwa siri, na kwa majuma kadhaa humpa mwenzake vizawadi vya mafumbo: leo "kitu laini", juma lijalo "kitu kirefu", hadi siku ya karamu anapojitambulisha. Karamu yenyewe huwa na ngoma za idara na bahati nasibu ya magunia ya mchele, feni na runinga. Kampuni hugawa vikapu vyenye paja la nguruwe na jibini ya mviringo yenye ganda jekundu kwa ajili ya mlo wa usiku wa Krismasi.

Kuanzia Desemba 16 kuna misa tisa za alfajiri, nyingi saa kumi. Zilipangwa mapema hivyo kwa ajili ya wakulima walioamkia shambani, na sasa zinamfaa mtu anayetoka zamu ya usiku na begi lake mgongoni. Nje ya kanisa wauzaji huoka bibingka, mkate wa unga wa mchele na tui unaowekwa kwenye jani la mgomba na kupaliwa moto juu na chini. Mla mkate wa kumimina wa Pwani angeujua kwa harufu. Huko San Fernando, Pampanga, vijiji hushindana kwa taa za Krismasi zenye kipenyo cha kama mita 6 na maelfu ya balbu. Rangi zake huchezeshwa na pipa la chuma linalozungushwa kwa mkono: vibanio vya nywele vilivyounganishwa na nyaya hugusa pipa, na mahali palipobandikwa vipande vya utepe umeme hukatika, balbu zikazimika na kuwaka kwa mpigo wa muziki.

Walio ng'ambo hushiriki kwa mbali. Mwaka 2023 fedha walizotuma kupitia benki zilizidi dola bilioni 33, na Desemba kwa kawaida ndiyo mwezi wa juu. Hupeleka pia balikbayan box, sanduku kubwa la sabuni, chokoleti, viatu na nyama za makopo. Sanduku husafiri kwa meli majuma kadhaa, kwa hiyo linalotoka Doha au Muscat hufungwa Septemba au Oktoba. Katika majengo hayohayo ya Ghuba wamo Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi kama zao, na wanayaona masanduku hayo yakijazwa kidogokidogo miezi mingi.

Kurudi nyumbani kwa fiesta kumeanza kuwa rahisi kwa kundi moja. Sheria ya 2018 iliruhusu waajiri na waajiriwa kukubaliana kazi ya mbali. Janga la korona lilipoijaribu kwa nguvu, vituo vya simu viligundua kwamba kazi inaweza kufanyika vijijini, kisha vikabanwa na masharti ya misamaha ya kodi yaliyotaka watu wawe ndani ya majengo yaliyosajiliwa. Novemba 2024 sheria mpya iliyaruhusu makampuni yaliyosajiliwa kuwaacha hadi nusu ya wafanyakazi wao nje ya ofisi bila kupoteza msamaha. Mpokea simu wa Manila ambaye kwao ni Lucban anaweza sasa kupanga kuwa huko katikati ya Mei, asaidie kushona kiping mchana na aingie zamuni usiku, ikiwa intaneti ya mji inahimili. Muuguzi, mlinzi, keshia na mwendesha pikipiki hawana nafasi hiyo. Watatu wa kwanza wanategemea zamu zipangwe kwa haki, na ujira wa sikukuu ulipwe kamili kama sheria inavyosema. Wa nne kwanza anapaswa kutambuliwa kuwa mwajiriwa.